Nina leseni ya redio ya ridhaa: je, inaniruhusu kuongea kwenye woki-toki za wageni?

Swali

"Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Moshi, napandisha wageni Kilimanjaro, na mwaka jana nilipata leseni yangu ya redio ya ridhaa, ile ya kurusha mawimbi kwa kupenda tu, si kwa kazi. Ninayo redio ya mkononi, Baofeng UV-5R. Msimu uliopita mgeni kutoka Colorado aliniachia zawadi ya redio mbili za GMRS, woki-toki za Kimarekani, mpya kabisa, na wageni wengine huja na vijiredio vyao vya dukani. Nilitaka kuingiza chaneli zao kwenye Baofeng yangu niwe naongea nao, pia na wapagazi wanaotangulia kambini. Kaka yangu yuko Houston na ana leseni ya ridhaa ya kule. Anasema leseni yetu ni kubwa kuliko hizo zote, kwa hiyo inazibeba. Ni kweli? Na nikiwa kule juu mlimani, nani atajua?"

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa leseni. Vijana wa mlimani wananiuliza sana habari za redio, lakini waliokaa chini wakasoma ni wachache.

Kwa mkato: kaka yako amekosea, na amekosea hata kwa sheria za huko huko Houston. Leseni ya ridhaa haizibebi hizo nyingine. Simlaumu sana, maana hata mafundi wazoefu wana hilo wazo la ngazi, kwamba aliyefanya mtihani amepanda juu na wote walio chini wamo mfukoni mwake. Redio hazikupangwa kwa ngazi. Kila huduma imejengwa juu ya swali lake: hapa anaaminiwa nani?

Nikupe mfano wa nyumbani kwenu. Bibi anayepika mbege kijijini hana lebo wala kizibo. Watu wanapokea kata mkononi mwake kwa sababu wanamjua yeye. Anajua ulezi uote mpaka wapi, ndizi ziive kiasi gani, na msesewe uishie wapi usije ukaharibu pipa zima. Muuza duka wa barabarani hajui bia inapikwaje na wala hatakiwi kujua. Pale kinachoaminiwa ni chupa: imefungwa kiwandani, ina lebo, imekaguliwa, na yeye kazi yake ni kufungua tu.

Redio ya ridhaa ni mbege. Mamlaka imekupima wewe, kichwa chako, ikaona unajua wimbi linakwendaje, unajua wati na antena, unajua mpaka wa bendi yako. Ndiyo maana unaruhusiwa kujenga kisambazaji mwenyewe mezani, ukalehemu, ukakosea, ukalehemu tena, na hakuna anayekudai muhuri wa kiwanda. Redio binafsi za Marekani, yaani FRS, GMRS, MURS na CB, ni bia ya chupa. Mwenye kuzishika hakufanya mtihani wowote. Kilichofanyiwa mtihani ni chombo, na kimefungwa ili hata asiyejua kitu asiweze kuleta madhara makubwa.

Anachofanya kaka yako ni kumimina mbege kwenye chupa ya bia na kuipanga rafuni. Huenda mbege yake ni tamu kuliko hiyo bia. Hoja haiko kwenye utamu.

Tuanze na Houston, kwa sababu redio zako zimetoka huko. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, inaandika kanuni za ridhaa katika Sehemu ya 97 na za redio binafsi katika Sehemu ya 95. Ni vitabu viwili tofauti. Mtihani wa kwanza wa ridhaa kule, wa daraja linaloitwa Technician, una maswali 35, na ukipata 26 umefaulu. GMRS haina swali hata moja. Unajaza fomu, unalipa dola 35, unapata leseni ya miaka 10. Ada hiyo ilishuka kutoka dola 70 mwezi Aprili 2022, na siku hiyo hiyo leseni ya ridhaa nayo ikaanza kulipiwa dola 35. Kwa hiyo kaka yako akitaka GMRS inambidi ailipie kivyake kama mtu mwingine yeyote. Mtihani wake wa ridhaa haumpunguzii hata senti.

Kuna jambo moja kwenye leseni hiyo ambalo hunichekesha kila nikilisoma. Mtu mmoja akiichukua, inafunika familia yake: mke au mume, watoto, wajukuu, wazazi, babu na bibi, kaka na dada, shangazi, wajomba, wapwa, mpaka mashemeji na wakwe. Wamarekani, ambao tunasikia kila siku kwamba familia kwao ni watu wanne na mbwa, hapo wameandika ukoo mzima kama wa Kibosho. Leseni ya ridhaa haina ukarimu huo. Ni yako peke yako, na mkeo akitaka ya kwake atafanya mtihani wake.

Sasa chombo. Redio ya kutumika GMRS lazima iwe imeidhinishwa kwa ajili ya GMRS, na ya FRS kwa ajili ya FRS. UV-5R ya kawaida haijaidhinishwa hivyo. Itafika kwenye masafa hayo, ndiyo, maana inafunguka kuanzia 400 MHz na kuendelea, lakini kufika si kuruhusiwa. FRS tangu mwaka 2017 ina kikomo cha wati 2, isipokuwa chaneli ya 8 hadi ya 14 ambazo ni nusu wati, na antena yake lazima iwe imegandishwa kwenye redio isiweze kung'olewa. Shika Baofeng yako uizungushe antena uone inavyotoka. Hapo hapo imeshaanguka mtihani wa FRS, kabla hata hujaiwasha. Mwaka 2018 FCC ilitoa onyo la wazi kuhusu redio za namna hii zinazouzwa zikiwa zimefunguliwa masafa yote.

Ukitoa betri ya zile redio ulizopewa utaona kibandiko kidogo chenye namba ya FCC ID. Kwa namba hiyo mtu anaweza kutafuta na kujua kifaa kiliidhinishwa kwa huduma gani. Ni lebo ya chupa, ndiyo hiyo.

Kinyume chake lakini kinakubalika, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Mwanaridhaa anaweza kuchukua redio ya kampuni iliyotupwa, au ya GMRS, akaifungua na kuihamishia kwenye bendi ya ridhaa, na hana kosa. Mbege unaweza kuinywea kwenye kata, kikombe cha bati au chupa iliyobanduliwa lebo, maana anayeaminiwa ni mpishi. Njia hii ni ya upande mmoja tu.

CB ya 27 MHz ni habari ile ile. Ina chaneli 40, wati 4 kwa AM na 12 kwa SSB (njia mbili za kubeba sauti kwenye wimbi), haihitaji leseni ya mtu mmoja mmoja, na chombo lazima kiwe cha CB. Redio nzuri ya ridhaa ya mita 10, ambayo bendi yake inaanza 28 MHz, jirani kabisa, hairuhusiwi kushuka huko hata kwa dakika moja. MURS ina chaneli 5 kwenye 151 na 154 MHz, na mantiki haibadiliki. Tena kule GMRS huwezi kujitaja kwa kolsaini yako ya ridhaa, yaani lile jina la herufi na namba ulilopewa la kujitambulisha hewani. Leseni ya GMRS ina kolsaini yake.

Nimemaliza ya Houston. Sasa uko Moshi, na mambo yanakuwa mengine kabisa.

Hizo FRS na GMRS ni ruhusa za Marekani na maeneo yake. Hazivuki bahari ndani ya begi la mgeni. Huku mwenye masafa ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayetumia masafa awe na leseni ya kuyatumia. Chaneli ya 1 ya FRS ni 462.5625 MHz. Colorado hapo ni uwanja wa watoto. Katika mpangilio wa kimataifa unaotuhusu sisi, eneo hilo ni la huduma za mawasiliano ya ardhini, ambazo mamlaka huwagawia watu kwa leseni: kampuni, walinzi, viwanda. Mgeni akibonyeza kitufe pale lango la Machame hajui anaongea sebuleni kwa nani.

ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, imeigawa dunia katika kanda tatu. Afrika na Ulaya tuko Kanda ya 1, Marekani yote ya kaskazini na kusini iko Kanda ya 2. Bendi za ridhaa zinafanana majina lakini mipaka haifanani, na mwanaridhaa anayesoma vitabu vya Kimarekani huangukia hapo. Bendi ya mita 2 kwao ni 144 hadi 148 MHz. Kwetu inaishia 146. Masafa yao maarufu ya kuitana, ambayo kila Mmarekani ameyaweka kwenye chaneli ya kwanza ya redio yake, ni 146.520. Hesabu mwenyewe: huko Moshi hayo yako nje ya bendi. Ya kwetu ya kuitana ni 145.500. Mgeni anafika kilele cha Uhuru, anafurahi, anaita kwa 146.520 kama alivyozoea kwenye vilima vya kwao, akiamini yuko ndani ya haki yake, kumbe ameshavuka uzio kwa zaidi ya nusu megahezi. Na kabla ya hilo, leseni ya kwao haimruhusu kurusha wimbi hapa mpaka TCRA imkubalie. Mwambie mapema, akiwa bado kwao, si pale langoni.

Kwenye bendi ya sentimita 70 ni hivyo hivyo. Marekani bendi ni 420 hadi 450, na wanaitana kwa 446.000. Kanda yetu inaishia 440. Ulaya nao wana vijiredio vyao vya bila leseni vinavyoitwa PMR446, nusu wati, antena imegandishwa, masafa 446.0 hadi 446.2. Ona kichekesho chake: kijiredio halali cha Mjerumani kikipelekwa Denver kinaingilia bendi ya wanaridhaa, na mwanaridhaa wa Denver akija Ulaya na 446.000 yake anawaingilia wenye vijiredio. Kila mmoja ana leseni au ruhusa kwao, na kila mmoja ana makosa kwa mwenzake. Wewe, kwenye Baofeng yako, fuata kilichoandikwa kwenye leseni yako uliyopewa na TCRA. Hiyo karatasi ibebe. Piga picha uiweke kwenye simu, na nakala uiache nyumbani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakalokuponza kabla ya hayo masafa. Ni kazi.

Hata ukibaki ndani ya 144 hadi 146, huwezi kuendeshea kazi yako humo. Kanuni za Redio za ITU zinaieleza huduma ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya ufundi, kwa watu walioidhinishwa, kwa shauku yao binafsi na bila maslahi ya fedha. Bila maslahi ya fedha. Kwa Kiingereza mwanaridhaa huitwa "ham", na mimi kila nikilisikia nasikia hamu, na kwa kweli maana haiko mbali. Uko kambi ya Horombo jioni, kazi imekwisha, umetoa redio unamwita mwenzako wa Arusha umweleze antena uliyotengeneza kwa waya wa nguo: hiyo ni ridhaa, na ni raha yake. Lakini "mwambie mpishi aweke maji ya chai, wageni wanne wanaingia baada ya nusu saa" ni kazi. Unalipwa. Hata ukisema kwa sauti ya kirafiki ni kazi.

Halafu mpagazi uliyempa redio ya pili hana leseni. Ridhaa haiazimishwi. Wala huwezi kusema kwa mafumbo ili watu wasijue kwamba unaongelea chai. Mwanaridhaa haruhusiwi kuficha maana ya maneno yake hewani, awe anatumia mashine ya kufichia au lugha ya kupanga. (Kichaga si mafumbo, usiogope. Ongea Kichaga, ila taja kolsaini yako.)

Kinachouma kidogo ni kwamba kule Marekani kile kijiredio cha FRS cha dukani, kisicho na leseni, kinaruhusiwa kutumika kwa biashara, na wewe uliyefanya mtihani huruhusiwi kwa leseni yako. Watu wanaona ni dhuluma. Mimi naona ni sawa kabisa. Bendi za ridhaa ni nyingi na za thamani, na zimebaki mikononi mwetu kwa sababu hakuna anayezifanyia biashara. Siku zikianza kubeba oda za chai, kampuni za simu nazo zitauliza kwa nini zisigawiwe wao.

"Nani atajua?" Haya, tukae hapa kidogo.

Redio kama yako husafiri kwa mstari ulionyooka, na kinachoizuia zaidi ni mviringo wa dunia na vilima. Mafundi tuna hesabu ya haraka: chukua kimo chako kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata upeo kwa kilomita. Ukiwa umesimama Moshi mjini kati ya majengo, wati zako 5 zinafia sokoni. Uhuru ni mita 5,895. Kipeuo chake ni karibu 76.8, na jibu ni kama kilomita 316. Chora duara hilo kwenye ramani. Arusha imo. Nairobi imo. Mombasa imo, na Tanga inaguswa ukingoni. Si kwamba wote watakusikia vizuri, milima mingine inakinga na antena yako ni fupi kama kidole, lakini njia iko wazi kwa wati zile zile ambazo chini zisingefika Himo. Kampuni zinalipa kodi ya minara ili kupata sehemu ndogo tu ya kimo hicho. Wewe umekipanda kwa miguu, na uko katika nchi mbili kwa mpigo.

Ongeza tabia ya FM, njia ya kubeba sauti inayotumiwa na redio kama yako. Mawimbi mawili yakifika kwenye redio moja kwa masafa yale yale, haisikiki michanganyiko kama kwenye AM. Lililomzidi mwenzake nguvu, hata kwa kiasi kidogo, linaimeza sauti ya lingine kabisa. Yule aliyemezwa hajui kwamba hasikiki, na anayesikiliza hajui kwamba kuna mtu alikuwa anaita.

Hilo nililiona mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma kampuni moja ya magari ya utalii ililetea benchi langu redio koli tatu, wakisema asubuhi zinakufa na mchana zinafufuka. Nilizipima siku mbili. Nguvu sawa, masafa sawa, antena safi, hata plagi za antena nilizikata upya kwa kutafuta dhambi isiyokuwepo. Siku ya tatu niliondoka na dereva alfajiri, tukasimama mahali penye uwazi upande wa mashariki, redio imewekwa kwenye boneti la Landcruiser. Saa moja na robo ikaingia sauti safi kabisa, ya mtu aliye juu, akiuliza kuhusu maboksi ya chakula cha mchana na nani amebeba mayai. Dereva wetu alikuwa anaita ofisini wakati huo huo na ofisi haikumsikia hata neno. Aliyekuwa juu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshusha faili la chaneli kutoka intaneti, orodha ya Kimarekani, akalijaza kwenye redio zake kumi bila kulisoma, na chaneli moja ikaangukia kwenye masafa ambayo wenzake wanayalipia kila mwaka. Nilijua kwa sababu alitaja kambi, na siku nne baadaye akashuka. Mlimani hakuna siri, mwanangu. Unatangaza kwa mikoa miwili na nchi ya jirani, kisha unashuka kwa lango linalojulikana.

Kwa hiyo ufanyeje? Kwa kazi, tafuta leseni ya kazi. Kampuni inayokuajiri, au wewe ukiwa umesajili yako, inaomba TCRA masafa ya redio za kampuni. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko hapa Arusha, na mazungumzo ya ana kwa ana yatakuokolea barua tatu. Nenda ukiwa unajua redio ni ngapi, zitatumika wapi, ni za mkononi au za kwenye gari, na kama unataka ripita, kile kituo kinachopokea wimbi na kulirusha tena mbali zaidi. Waambie wazi kwamba utazitumia juu ya mlima. Hilo lina uzito, kwa hesabu ile ile ya duara niliyokuonyesha, na anayekupangia masafa anahitaji kujua ili asikuweke juu ya mtu wa Kenya. Ukipewa masafa yako, wapagazi na wapishi wanaongea humo bila mtihani wowote, kuhusu chai, mayai, hema, mizigo, chochote. Kuna ada ya kila mwaka, igawanye kwa wageni wa msimu.

Redio zenyewe ziwe zilizoidhinishwa na TCRA. Usinunue boksi kwanza ukauliza baadaye. Nimewaona waliokwama na mzigo kwa kuamini maneno ya muuzaji kwamba "zinafanya kazi popote duniani". Zinafanya kazi, kweli. Hata panga linakata popote. Ukitaka zile za Kiulaya za 446, nazo peleka karatasi yake ya vipimo pale ofisini kabla hujalipa.

Utaniambia, na ikitokea mtu anakufa? Hapo sheria imekuacha huru. Kanuni za Redio za ITU, kifungu cha 4.9, zinasema hakuna kilichomo ndani yake kinachokizuia kituo kilicho katika hatari, au kinachokisaidia kituo hicho, kutumia njia yoyote ya redio iliyopo kuvuta macho ya watu na kuomba msaada. Kanuni za ridhaa za Marekani nazo zinasema hivyo hivyo pale uhai unapokuwa hatarini na njia za kawaida hazipo. Mgeni amevimba ubongo kwa kimo, mtandao hakuna, askari wa hifadhi hayupo karibu: bonyeza chochote, ita yeyote. Hakuna atakayekuuliza leseni.

Ila soma vizuri. Ni mlango wa siku hiyo. Haukuruhusu kuingiza masafa ya watu leo ukayafanyia majaribio kila wiki "kwa ajili ya dharura". Na dharura yenyewe mlimani ina njia yake: hifadhi ina waokoaji, na walinzi wake wana redio zao. Kabla hujaondoka lango la Marangu au Machame, jua nani wa kumpigia na kambi gani ina mtu mwenye redio usiku. Tangu Agosti 2022 TTCL walipofikisha intaneti Horombo, mita 3,720, hali imekuwa nafuu upande ule. Betri ya simu na ya redio lala nazo ndani ya begi la kulalia. Baridi ya Kibo inaua betri nzima ikaonekana tupu, na hapo wati 5 na wati sifuri ni ndugu.

Zile redio mbili za zawadi usizitupe, wala usiziwashe kazini. Kama moyo unakuuma kuziona zimekaa, zipeleke kwa wataalamu wa TCRA wakuambie hatima yake. Ile UV-5R nayo tuisafishe. Ukiifungua kwa programu ya CHIRP kwenye kompyuta utaona kila chaneli ina safu inayoitwa Duplex. Chaguo lake moja ni off, na ukiliweka kwenye mstari fulani kitufe cha kuongea hakirushi chochote kwenye chaneli hiyo, hata mpagazi akikikalia. Futa kabisa mistari yote ya 462 na 467, futa na 146.520 kama ulishaiingiza, kisha acha 145.500 iwe chaneli ya kwanza. Siku ukishuka Arusha niletee na waya wake wa programu. Jioni mara nyingi niko hewani, na ukiniita kutoka Horombo baada ya wageni kula, nitakupa ripoti ya sauti yako.